Sungura wa manyoya mafupi: anza na dalili, dawa baadaye

Sungura ni mnyama wa kuficha ugonjwa. Porini anayeonekana dhaifu ndiye anayeliwa kwanza, na hata yule aliyezaliwa kwenye banda la uani Tabata bado ana tabia hiyo. Ndiyo maana utasikia mtu akilalamika, "Jana alikuwa mzima kabisa!" Mara nyingi hakuwa mzima. Alikuwa ameshaanza kuacha chakula au kubadilika kinyesi, na hakuna aliyetazama.

Mwenye sungura wa manyoya mafupi ana bahati moja: mengi yanaonekana mapema, kwa sababu hakuna manyoya marefu ya kufunika kidonda, ukurutu au mbavu zilizochomoza. Hapa ninaongelea hawa tulionao wengi, yaani New Zealand White, Californian, Dutch na machotara wa sokoni, pamoja na Rex, yule mwenye manyoya ya mahameli yasiyozidi sana sentimita moja na nusu. Rex ana matatizo yake ya pekee, nitayataja njiani.

Asilimia kubwa ya ninayoulizwa huishia sehemu tatu: chakula, sakafu na joto. Kwa hiyo kabla hujakimbilia duka la dawa za mifugo, chungulia kwanza kilichodondoka chini ya banda, kilichobaki kwenye sahani, halafu nyayo zake na pua yake. Dakika tano zinatosha.

Hajala tangu jana

Hii ni dharura, hata kama amekaa kimya na anaonekana mtulivu. Utumbo wa sungura unatakiwa kufanya kazi muda wote, na hawezi kutapika. Utumbo ukilegea gesi hujaa, tumbo linauma, maumivu yanamfanya azidi kukataa chakula, na kutokula kunazidi kuulegeza. Sungura akipitisha saa 12 bila kula wala kunya, usisubiri kesho.

Kinyesi kitakueleza mengi. Cha sungura mwenye afya ni gololi kavu zinazolingana ukubwa, na ukiivunja moja unakuta vipande vya nyasi ndani. Zikiwa ndogo ndogo, nyeusi, zimechongoka, au zimeungana kwa uzi wa manyoya, utumbo unaenda polepole. Zisipokuwepo kabisa, umesimama.

Chanzo cha kwanza ni chakula kisicho na nyuzinyuzi: pumba za mahindi asubuhi, ukoko wa ugali mchana, kipande cha mkate jioni kwa sababu "anaupenda sana". Anaupenda, ndiyo, lakini utumbo wake haukuumbwa kwa wanga. Vyanzo vingine ni meno, joto, maumivu popote mwilini, na hofu, kwa mfano mbwa wa jirani aliyezunguka banda usiku kucha au fataki za mwaka mpya. Wengi hulaumu manyoya aliyomeza. Sungura humeza manyoya kila siku akijilamba, na utumbo unaotembea huyatoa bila shida. Yakikwama, mara nyingi ni kwa sababu utumbo ulishalegea kabla.

Mguse tumbo taratibu. Likiwa laini, mpe maji, mwekee majani mabichi uliyoyasuuza na kuyaacha na unyevu, mwache atembetembee sakafuni. Asipogusa kitu, loweka pelleti (chakula cha dukani cha punje zilizoshindiliwa) ziwe uji, ingiza kwenye bomba la sindano lisilo na sindano, halafu mpe kidogo kidogo kwa pembeni ya mdomo, nyuma ya meno ya mbele, ukimpa nafasi ya kutafuna na kumeza. Masikio yakiwa ya baridi na mwili umelegea, mpashe joto kwa chupa ya maji vuguvugu iliyoviringishwa kitambaa, maana joto lake la kawaida ni nyuzi 38.5 hadi 40, na likishuka hata chakula hakisaidii. Lakini tumbo likiwa limevimba na kukaza, usimlishe chochote kwa nguvu. Huyo ni wa daktari sasa hivi.

Na tafadhali, usimpe amoksilini ya kumeza iliyobaki kabatini. Dawa hiyo, pamoja na ampisilini na klindamaisini, huua bakteria wema wa tumboni mwa sungura na kuwaacha wabaya watawale. Anaharisha, anakufa ndani ya siku chache, na mwenye sungura anabaki akisema ugonjwa ulikuwa mkali.

Ukishavuka dharura, rekebisha mlo, la sivyo atarudi pale pale. Sehemu kubwa kabisa ya chakula iwe nyasi: Rhodes iliyokaushwa, ukoka, matete machanga. Mashonanguo wanayapenda mno na yanaota bure kando ya njia, ila usichume panapopuliziwa dawa au wanapokojoa mbwa. Pelleti zisizidi kama gramu 25 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Karoti ni zawadi. Chakula ni majani yake. Majani ya parachichi hapana kabisa, yana sumu.

Kinyesi laini, au matako yamechafuka

Tofautisha mambo mawili. Sungura hutoa aina mbili za kinyesi, na ile laini, inayong'aa, iliyoshikana vichala na yenye harufu kali, huila mwenyewe moja kwa moja kutoka nyuma, mara nyingi usiku. Ni lishe yake. Ukiikuta imesambaa bandani au imegandamana manyoyani, maana yake haili: ama anashiba pumba na matunda, ama amenenepa hadi hafiki, ama mgongo unamuuma. Ondoa pumba, ongeza nyasi kavu, na wiki chache zinatosha kuona tofauti.

Kuhara maji maji ni jambo jingine, hasa kwa watoto walioachishwa karibuni. Kati ya wiki ya 4 na ya 16 mshukiwa mkuu ni koksidia, vimelea vidogo vya utumboni: mtoto anakonda, tumbo linatuna, anajikunyata, kesho amekufa. Daktari atakupa amproliamu au dawa ya salfa, lakini dawa peke yake ni kazi bure kama sakafu inabaki chafu. Mayai ya koksidia yanapotoka na kinyesi huwa hayajawa tayari kuambukiza. Yanahitaji unyevu na muda, kama siku moja hadi nne. Ukifagia kila siku na kukausha, unayawahi. Jiki haiyaui. Maji yanayochemka yanayaua.

Matako machafu msimu wa nzi ni hatari. Nzi akitaga hapo, funza wanaweza kuanza kula ngozi ndani ya siku moja. Manyoya mafupi yanakurahisishia kuwaona, lakini lazima umgeuze.

Anahema haraka, amejinyoosha, masikio ya moto

Mfugaji wa Lushoto anaweza kuruka sehemu hii. Wa Dar, Tanga na Mombasa aisome mara mbili, hasa kuanzia Desemba hadi Machi.

Sungura hatoi jasho la kumpoza. Anapunguza joto kwa masikio na kwa pumzi tu, na hewa ikipita nyuzi 28 anaanza kupata taabu. Usidanganyike na ufupi wa manyoya: ya Rex ni mafupi lakini yamesongamana mno, kwa hiyo anavaa koti zito hilo hilo. Hesabu mbavu zinavyopanda na kushuka kwa sekunde 15, zidisha kwa nne. Akitulia, kawaida ni pumzi 30 hadi 60 kwa dakika. Zikipita hapo sana, matundu ya pua yanapanuka, kichwa ameinua juu, mdomo wazi au mate yanatoka, ameshapigwa na joto.

Mhamishie kivulini penye upepo, mlowanishe masikio kwa maji ya kawaida ya bomba, mwekee maji ya kunywa. Usimtumbukize kwenye ndoo wala kumwagia maji ya barafu. Mshtuko huo nao unaua. Akilegea au kutetemeka, daktari.

Halafu angalia juu. Bati tupu lililo karibu na kichwa chake ndilo linalompika. Weka makuti juu ya bati, au inua paa, au hamishia banda chini ya mti. Chupa ya maji iliyogandishwa, ikafungwa kitambaa na kuwekwa pembeni saa saba mchana, inasaidia sana. Na kama dume lako lilipigwa na joto kali halafu majike hayashiki mimba, usiliuze kwa hasira. Mbegu zake zinaweza kuharibika kwa wiki kadhaa kisha zikarudi sawa.

Nyayo zimetoka upara

Hili ndilo tatizo la Rex kuliko yote. Sungura hana gamba la wayo kama la mbwa au paka. Anakanyagia ngozi nyembamba iliyofunikwa manyoya. Ya Rex ni mafupi na laini mpaka miguuni, kwa hiyo mto wake ni mwembamba tangu kuzaliwa. Ukimweka juu ya waya ataumia, hata ukimlisha vizuri kiasi gani.

Keti, mlaze mapajani chali, mgongo umeegemea tumbo lako, tazama wayo wa nyuma karibu na kisigino. Tenganisha manyoya kwa kidole gumba. Ukiona duara la ngozi ya waridi, kavu, lenye ukubwa kama wa ukucha wako, hiyo ni sugu. Rex wengi wanayo na wanaishi nayo bila maumivu. Ikiwa nyekundu, inang'aa, ina unyevu au imeanza kupasuka, hapo tatizo limeanza. Ukikuta gaga jeusi, uvimbe, usaha au damu, kidonda kimeingia ndani. Kinaweza kufika kwenye mfupa. Sungura wa hatua hiyo utamwona anahamisha uzito mguu hadi mguu, au hataki kuruka.

Usianze na malhamu. Anza na sakafu. Kama banda ni la waya, funika angalau nusu yake kwa ubao laini, na juu yake tandika nyasi kavu nene. Mkeka wa ukindu usiotiwa rangi unafaa, atautafuna kidogo, hakuna neno. Maranda ni sawa ukiyabadilisha kabla hayajalowa, kwa sababu mkojo unailainisha ngozi na kuichoma. Pili, makucha. Makucha marefu yanainua vidole na kumfanya aegemee kisigino. Yakate, ukiepuka mshipa wa damu. Kwa makucha meusi, mulika kwa tochi ya simu kutoka nyuma utauona. Tatu, uzito. Ukipapasa mbavu na huzipati, amenenepa, na kila gramu ya ziada inamalizikia kwenye zile nyayo.

Ngozi iliyochubuka tu, isafishe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, nusu lita na kijiko kimoja kidogo cha chumvi, kisha ikaushe vizuri. Penye usaha, usikamue. Anahitaji daktari, na tiba yake huchukua muda mrefu.

Manyoya yanatoka

Kwanza uliza: yanatoka wapi, na chini yake pakoje?

Yakitoka vishungi vishungi ukimpapasa, na chini kuna manyoya mapya, ngozi safi, anabadilisha koti tu. Rex wakati huu anaonekana kama aliyepakwa rangi vibaya, mistari na mabaka mwili mzima. Mpitishie kiganja kilicholoweshwa maji kidogo kuyaokota. Brashi ngumu ya chuma itamkwangua. Ongeza nyasi siku hizo.

Jike linalojinyonyoa kifuani na tumboni huku limebeba nyasi mdomoni linaandaa kiota. Kama lilipandwa, hesabu siku 31 na uweke sanduku la kuzalia mapema. Kama halikupandwa, ni mimba ya uongo, inaisha yenyewe baada ya siku 16 hadi 18. Wawili wanaokaa pamoja, mmoja ana mabaka yaliyokatwa sawasawa mgongoni? Mwenzake anamtafuna, kwa kukosa nyasi au kwa kuchoka kukaa bure.

Ukurutu mweupe kama mba, shingoni na mgongoni: mpangushe juu ya kitambaa cheusi, uinamie. Ukiona vumbi linatembea, ni utitiri. Magaga ya kijivu kwenye pua, midomo na kucha ni upele wa utitiri mwingine mbaya zaidi, na sungura anakonda nao upesi. Mabaka ya duara yenye magamba, kichwani au miguuni, huenda ni choa, na hicho kinahamia kwa watoto wako. Osha mikono, mtenge, msilale naye kochini mpaka atibiwe.

Kuna chanzo kimoja ambacho wengi hawakifikirii: lukina. Mti huu unapandwa sana kwa ajili ya mbuzi na ng'ombe, na mfugaji akiona mbuzi wanastawi anawakatia na sungura. Una kemikali iitwayo mimosini ambayo, ukilisha kwa wingi, inamnyonyoa sungura. Kama manyoya yanadondoka ovyo, ngozi haina ukurutu wala magamba, na majani hayo yamo kwenye lishe, yaondoe kwanza kabla ya kununua kitu chochote.

Usimwogeshe. Dawa ya viroboto ya mbwa yenye fipronili usimpake kabisa. Ni sumu kwa sungura.

Na Rex mwenye sharubu fupi zilizojikunja si mgonjwa. Ndivyo walivyo tangu walipojitokeza Ufaransa mwaka 1919. Vilevile, ukimpandisha na sungura wa kawaida, watoto watatoka na manyoya ya kawaida, kwa sababu uhameli huo hurithiwa pale tu wazazi wote wawili wanapoubeba. Muuzaji hakukudanganya.

Anatikisa kichwa, anakuna masikio

Chungulia ndani ya sikio kwa tochi. Utitiri wa masikio unaacha magaga ya kahawia, makavu, yaliyopangana tabaka kwa tabaka. Usiyabandue! Chini yake ni kidonda kibichi, na utamfanya akuogope milele. Sindano ya ivermektini chini ya ngozi, ikarudiwa baada ya siku 10 hadi 14, inaua utitiri na magaga yanaanguka yenyewe.

Kipimo ndicho kinachoua. Kiwango cha kawaida ni miligramu 0.2 hadi 0.4 kwa kilo. Ile chupa ya asilimia 1 inayochomwa ng'ombe ina miligramu 10 katika kila mililita, hivyo sungura wa kilo 3 kwa kiwango cha 0.3 anahitaji mililita 0.09 tu. Hiyo huwezi kuipima kwa bomba la ng'ombe. Hupimwa kwa bomba dogo la insulini, baada ya kumweka kwenye mizani, si kumkadiria kwa macho. Mwachie daktari. Watibiwe wote wanaokaa pamoja, na banda lisafishwe siku hiyo hiyo.

Vidoa vyeusi visivyotoka vilivyong'ang'ania ukingo wa sikio ni viroboto wa kuku. Tenga banda la sungura na la kuku.

Kidevu kimelowa, anachagua chakula

Meno. Ya mbele hukua kama milimita 2 kwa wiki maisha yote, na ya nyuma hukua pia. Nyasi ndizo zinazoyasaga. Anayekula pumba na pelleti tu hayasagi vya kutosha. Yanapinda, yanachoma ulimi au shavu. Inua mdomo wa juu utazame kama ya mbele yanakutana. Usiyakate kwa koleo ya kucha, yanapasuka mpaka mzizini.

Mafua

Chafya moja baada ya kunusa vumbi la maranda haina maana. Ute mzito mweupe puani, na manyoya ya upande wa ndani wa mikono ya mbele yamegandamana kwa sababu anajipangusia hapo, ni maambukizi, mara nyingi ya bakteria aitwaye Pasteurella. Mtenge, mpeleke kwa daktari. Kisha rudi ukapige magoti mbele ya banda, pua yako iwe pale ilipo yake. Ukisikia macho yanawasha kwa harufu ya mkojo, umeshajua kwa nini hachoki kuumwa. Usifunike banda zima kwa turubai usiku; upepo wa kupita juu yake anauhitaji.

Mkojo mwekundu

Hapa wengi hushtuka bure. Mkojo wa sungura huwa wa njano, wa chungwa, hata mwekundu kwa sababu ya rangi za kwenye majani, na mwingine mweupe kama maziwa kwa sababu chokaa ya ziada hutokea huko. Ukibadilisha majani, rangi hurudi baada ya siku mbili tatu. Cha kuogopa ni damu yenyewe: matone au mabonge ndani ya mkojo wenye rangi ya kawaida, kujikaza wakati wa kukojoa, au uji mzito kama zege laini. Jike lenye zaidi ya miaka mitatu ambalo halijafungwa kizazi likitoa damu, fikiria uvimbe wa mji wa mimba, ni wa kawaida mno kwao.

Kichwa kimepinda, au miguu ya nyuma imelegea

Kichwa kuinama upande mmoja hutokana na maambukizi ya ndani ya sikio au kimelea cha ubongo. Vyote vinatibika vikiwahiwa, na chakula umsogezee mdomoni. Miguu ya nyuma kulegea ghafla, uliza nani alimbeba. Akinyanyuliwa kwa masikio, au akirusha teke akiwa hewani, uti wa mgongo unavunjika. Daima mkono mmoja kifuani, wa pili chini ya makalio.

Ukienda kwa daktari

Madaktari wengi wa mifugo siku nzima wako na ng'ombe na kuku, kwa hiyo uliza kwa simu kama anatibu sungura kabla hujapanda daladala. Morogoro kuna hospitali ya wanyama ya SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo), na kwa walio Nairobi kuna ile ya chuo kikuu pale Kabete. Mbebe kwenye boksi lenye matobo na nyasi za kula njiani, usimfungie njaa, yeye si mbwa wa kufanyiwa upasuaji akiwa tumbo tupu. Kama anaye mwenzake wanayelala pamoja, nenda nao wote wawili. Chukua kinyesi cha usiku uliopita kwenye mfuko, na picha ya banda kwenye simu, sakafu na paa vionekane.

Wakifa wawili watatu kwa mfululizo, damu ikiwatoka puani, usiwapasue nyumbani na usigawe waliobaki kwa majirani. Mwite afisa mifugo wa kata.